Msaada: dogo kaniletea nyoka aina ya boa nyumbani, besimenti ni baridi, joto naliwekaje bila kuchoma nyumba?

Ngosha_Columbus

Wadau habari za saa hizi, naombeni msaada na tafadhali mcheke mkishanisaidia.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu. Nina kijana wangu wa miaka 15, mwezi uliopita rafiki yake kahamia jimbo lingine na wazazi wake wakagoma kusafiri na nyoka kwenye gari, basi kijana wangu kaja nae nyumbani kamtia kwenye foronya. Ni boa, jike, kama futi 5 hivi, mpole tu. Nimeshamshika mara mbili mwenyewe, mi Msukuma bwana, kwetu chatu anachezwa ngoma, ila yule ngoma ikiisha anaondoka na mwenyewe, halali besimenti kwangu, kile chumba cha chini ya nyumba.

Sasa shida ni joto. Yuko kwenye akwariamu ya kioo futi 3 kwa 1 na nusu, juu ina wavu, juu ya wavu kuna balbu nyekundu ya wati 100 inawaka masaa 24, na chini ya kioo kumebandikwa ule mkeka wa joto. Vyote vimechomekwa ukutani moja kwa moja, ndo vilivyokuja. Kuna kageji ka kubandika kanasoma 80 Fahrenheit asubuhi, mchana, usiku, hakabadiliki. Besimenti yenyewe asubuhi ni 61, yaani kama 16 za kwetu, na ndo kwanza mwezi wa kumi.

Juzi katapika panya mzima siku ya tatu baada ya kula. Ile harufu jamani, mama watoto kahamia kwa dada yake wikendi nzima.

Nataka kumjengea boksi la mbao, useremala kidogo najua, msumeno ninao. Nyumba ya kupanga lakini mwenye nyumba nimeshamwambia, kasema sawa mradi asimuone. Naomba mnisaidie joto kiasi gani, nitumie kitu gani, na huyu anayetapika nimfanyeje.

chuma_ulete

Anatapika? Dola au shilingi mkuu? 😂😂 Tupe koneksheni watu tumesota

Ngosha_Columbus

Nilijua tu. Kwa faida ya wote: alitapika panya, na panya nilimnunua mimi kwa hela yangu. Biashara ya hasara.

bimdogo_leeds

Kaka Ngosha pole, na hongera kwa kuuliza kabla hujamuua. Mi niko Leeds nafuga boa wawili tangu 2014, nimepitia mengi kwahiyo vumilia nitaandika sana.

Kwanza huyo kutapika. Nyoka hana moto wake mwenyewe tumboni kama sisi, chakula kinasagika kwa joto analolipata nje. Akikosa joto panya anakaa tu mle anaoza badala ya kusagika, na mwili unamrudisha. Sababu zipo nyingine, panya mkubwa kupita kiasi, au mmemshikashika baada ya kula, kijana muulize vizuri maana hawa vijana wakishamlisha wanataka kumpiga picha. Ila kwa besimenti ya 16 mi naanza na baridi. Usimpe chakula SASA HIVI hata akionekana ana njaa. Mpe wiki mbili za kupumzika, maji safi yawepo muda wote, ukimrudia mpe panya mdogo, nusu ya yule wa kwanza. Akitapika tena hapo sio swala la boksi, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Na msikilize anavyopumua, ukisikia kama filimbi, au ana mapovu puani, au anakaa kichwa juu mdomo wazi, hiyo ni kifua, usisubiri wiki mbili.

Haya, joto. Watu wengi wanakosea wanadhani nyoka anataka joto. Anataka KUCHAGUA. Upande mmoja wa boksi moto, mwingine wa kupoa, yeye mwenyewe anahama. Sehemu ya moto nyuzi 32 mpaka 33, kwenu huko inasoma karibu 90. Upande wa kupoa 25 mpaka 27, sema 78 mpaka 80. Usiku unaweza kushusha kidogo ila usiende chini ya 24, hiyo ni 75. Boksi zima likiwa 32 ni sawa na kumfungia kwenye gari juani, na likiwa zima 25 hasagi chakula. Sasa hiyo futi 3 yako hata ukiweka hita nzuri ya dunia, huwezi kupata pande mbili za kueleweka na mnyama wa futi 5 ndani. Kichwa kikiwa kwenye moto mkia uko kwenye moto.

Hako kageji katupe. Vile vya kubandika vinapima joto la kioo palepale kilipobandikwa, na chako nahisi kilishakufa. Nunua thamomita mbili za dijitali zenye waya, moja kila upande, na ile bunduki ya kupimia joto kwa mbali, unailenga pale anapolala. Sio ghali, na utaitumia hata kwenye kikaango.

Balbu nyekundu izime. Walikuwa wanatuuzia kwamba nyoka haoni mwanga mwekundu, wanauona, kwahiyo huyo dada hajalala usiku toka aje kwako. Mchana masaa 12 mwanga wa kawaida, usiku giza totoro, joto litoke kwenye kitu kisichotoa mwanga.

Na ule mkeka wa chini, bila thamostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima hita chenyewe kulingana na joto, unapita nyuzi 40 kirahisi, kwenye kioo ni mbaya zaidi. Nyoka anahisi moto wa juu yake vizuri lakini wa chini ya tumbo anachelewa sana kuukimbia, anaungua taratibu huku amelala. Mgeuze umwangalie magamba ya tumboni, kama kuna ya kahawia au yaliyokunjamana nambie. Yale mawe ya moto ya kuchomeka umeme ndo kabisaa, usije ukashawishika.

Ngosha_Columbus

Dada yangu asante sana. Tumemgeuza mimi na kijana, tumbo liko safi, hakuna alama. Nimechomoa mkeka saa hiyohiyo. Ila sasa nimechomoa mkeka na balbu usiku atalala na nini?

bimdogo_leeds

Mpandishe juu mlale nae sebuleni 😅 natania nusu. Kweli, kama kuna chumba cha juu chenye joto, hamisha akwariamu leo. Kesho nunua taa ya seramiki wati 100, ile nyeusi au nyeupe kama uyoga haitoi mwanga, na soketi yake iwe ya kauri, ya plastiki itayeyuka. NA THAMOSTATI. Bila thamostati usiwashe chochote, mnyama alale chumba cha juu tu. Wavu wa juu ufunike robo tatu kwa karatasi ya foili, acha pale taa inapokaa na nafasi pembeni yake, hapo utashika joto na unyevu pia.

fundi_vifaranga_moro

Nimepita tu kusoma mambo ya nyoka nikakuta mnaongelea thamostati, hapo ndo kwangu. Mi natengeneza inkyubeta (mashine za kutotolesha mayai) na bruda (maboksi ya joto ya kulelea vifaranga) hapa Morogoro, nyoka sijui na sitaki kujua ila joto la boksi nalijua.

Mkuu Ngosha kitu cha kwanza: thamostati ikifa haifi vile unavyofikiria. Watu wanadhani ikiharibika inazima. Ndani yake kuna relei, yaani swichi ya umeme inayojiendesha, na relei mara nyingi inaganda ikiwa IMEWASHA. Mi mashine ya mayai 264 iliiva usiku mmoja, mteja alikuja asubuhi kachukua mayai ya kuchemsha. Toka siku hiyo naweka mbili. Ya kwanza toka ukutani ni ile ya kawaida ya kuwasha na kuzima, unaiseti nyuzi 3 juu ya namba utakayoiseti ile ya pili, hiyo ni askari tu, siku zote inapitisha umeme. Ndani yake unachomeka ile nzuri inayofanya kazi, halafu hita. Ile ya kazi ikiganda, askari anakata. Usigeuze mpangilio, kwasababu zile nzuri zinapunguza umeme kidogokidogo au zinautoa kwa mapigo, ukiilisha thamostati nyingine umeme wa namna hiyo itachanganyikiwa. Na angalia kila moja inabeba wati ngapi, iwe zaidi ya hita yako.

Pili sensa, ile ncha ya waya wa thamostati inayopima joto. Usiitupe sakafuni. Nyoka ana nguvu ataivuta ataipeleka upande wa baridi, sensa inasoma baridi, hita inawaka bila kuzima, upande wa pili moto unapanda. Au anamwaga bakuli la maji juu yake, kitu kilekile. Ifunge ukutani na klipu za skrubu upande wa moto, sentimita kadhaa juu ya pale anapolala. Itasoma tofauti kidogo na sakafu, sasa hapo ndo unatumia ile bunduki ya dada: unapima sakafu, unapandisha au kushusha seti mpaka SAKAFU ikupe 32. Namba iliyoandikwa kwenye thamostati haina maana yoyote, mimi kwenye inkyubeta nafanya hivohivo siku mbili kabla sijaweka yai hata moja.

Tatu, kuna vile vibodi vya thamostati vya bei rahisi, W1209, huku tunavitumia sana. Usiweke kwenye nyumba ya kupanga, viko uchi, waya za umeme mkubwa zinaonekana, nyumba yako ya mbao huko. Chukua ya kuchomeka iliyofungwa kiwandani.

bimdogo_leeds

Fundi umenifundisha, mi miaka yote nina thamostati moja moja. Leo silali.

Naongeza: sensa au chochote ndani USIFUNGE NA SELOTEPU. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, jike langu likanasa ubavu wote usiku, asubuhi nikatumia saa nzima na mafuta ya alizeti kulainisha gundi taratibu nikilia. Magamba matatu yalitoka.

pwani_reptiles

Hapa Mombasa mazee watu wanauliza mbona mtu ahangaike na boa wa kutoka Amerika na sisi tuko na boa wetu wa mchangani, yule mdogo wa rangi ya chungwa na mabaka, anaishi kwa mchanga Kenya na hadi kaskazini mwa Afrika. Huko Marekani wanamfuga sana, hafiki hata futi 3, angekutosha kwa hiyo akwariamu. Lakini huku kumshika porini bila leseni ya KWS, wale wa wanyamapori, ni kesi, usijaribu.

Ngosha_Columbus

Kaka wa Mombasa sikuchagua mimi, nililetewa kwenye foronya. Lakini swala la sheria nilikuwa nalo kichwani, kuna mtu kazini kanitisha eti Ohio ni marufuku.

mzee_wa_dayton

Mdogo wangu mimi niko karibu na hapo. Huyo wa kazini kachanganya. Mwaka 2011 pale Zanesville jamaa aliwafungulia wanyama wake, simba, chui milia, dubu, halafu akajiua, polisi wakalazimika kuwaua karibu wote. Mwaka uliofuata jimbo likaweka sheria ya wanyama hatari. Nyoka wa kukaba waliotajwa mle ni wale wakubwa wakifika futi 12, anakonda, chatu wa Burma, na chatu wetu wa Afrika yumo pia. Boa wa kawaida hayumo. Ila miji ina kanuni zake, piga simu jijini kwako uulize mwenyewe, usikae na neno la mtu wa kazini wala langu. Na kwenye mkataba wa nyumba maneno ya mdomo "sawa mradi nisimuone" sio karatasi. Mwandikie ujumbe akujibu, utunze.

Ngosha_Columbus

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nimemtumia ujumbe mwenye nyumba kajibu "ok". Nadhani inatosha.

Sasa boksi. Atafika ukubwa gani huyu? Na nipige futi ngapi?

bimdogo_leeds

Jike anaweza kufika futi 6, 7, wengine hata 8, na ataishi miaka 20 na kuendelea, 30 wapo. Kijana wako ataenda chuo, ataoa, boa bado yuko besimenti, kwahiyo jenga mara moja. Mi nasema futi 6 urefu, 2 upana, 2 kimo. Boksi langu la mbao lina milango ya kioo ya kutelezesha mbele, huku Uingereza wengi tunafanya hivo, mbao zinashika joto kuliko kioo mara mia.

Ngosha_Columbus

Plaiwudi hapa zinauzwa futi 4 kwa 8. Nikipasua moja katikati napata vipande viwili vya 2 kwa 8, kila kimoja natoa 6 na 2. Kwahiyo plaiwudi ya kwanza inanipa sakafu, dari na mbavu mbili, ya pili inanipa mgongo na inabaki. Plaiwudi mbili boksi limekwisha. Hii hesabu imenifurahisha kuliko kitu chochote wiki hii.

fundi_vifaranga_moro

Safi. Usiliweke juu ya zege moja kwa moja, zege linanyonya joto. Liinue nusu mita. Na zile mbao nyeupe za povu mnazoweka kwenye kuta, za inchi 1, bandika nje mgongoni na chini. NJE, ndani atazikwangua. Besimenti yako ni 16 unataka 32, hiyo ni tofauti kubwa, bila kuziba utaweka wati 200 na bado.

bimdogo_leeds

Ndani piga vanishi ya maji mikono mitatu, viungo vyote ziba kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, halafu ACHA likae wazi mpaka ukiingiza kichwa husikii harufu yoyote, wiki mbili sio nyingi. Mbao ya mwerezi au paini yenye kunukia usitandike ndani hata kama inauzwa kwa wanyama, yale mafuta yanaharibu mapafu yao. Tandika maganda ya nazi yaliyosagwa, yanashika unyevu. Unahitaji unyevu wa hewa asilimia 60 hivi, na majira ya baridi hita za nyumba zenu zinakausha hewa mpaka midomo inapasuka, kwahiyo bakuli kubwa la maji, na ukiona anabanduka ngozi vipandevipande jua hewa ni kavu.

Kwa boksi la futi 6 mi ningeacha seramiki, ningefunga bamba la joto la darini, wati 80, linakaa bapa kwenye dari upande mmoja, halitoi mwanga na halimuunguzi akijibana karibu. Ukiamua seramiki ndani ya boksi lazima iwe na kizimba cha wavu wa chuma kuizunguka, boa anapanda, atajiviringa kwenye hiyo taa kama shanga na hataachia. Maficho mawili, moja kila upande, yenye kubana. Akiwa na ficho moja tu upande wa moto atakaa pale hata akiiva, kwasababu kwake usalama unatangulia joto. Na kufuli kwenye kioo. Wanasukuma kwa pua usiku kucha.

chuma_ulete

Na bili ya umeme? Maana huyo anaishi vizuri kuliko mimi

fundi_vifaranga_moro

Wati 80, thamostati ikiwa inawasha kama nusu ya muda ni uniti moja kasoro kwa siku, 29 kwa mwezi. Friji lako linaweza kula zaidi.

mama_kayla_houston

Swali la mtu aliyeganda 2021 Texas umeme ulipokatika siku kadhaa: umeme ukienda usiku wa baridi mnafanyaje na huyo mnyama? Sisi wenyewe tulilala na makoti.

bimdogo_leeds

Dada swali zuri. Chupa za maji ya moto, zifunge taulo, weka ndani upande mmoja, halafu blanketi juu ya boksi zima ila usizibe matundu ya hewa. Badilisha kila zinapopoa. Ikiwa mbaya zaidi muingize kwenye foronya, foronya kwenye boksi la barafu lile la pikiniki, na chupa moja iliyofungwa vizuri, kifuniko kiwe wazi kidogo. Masaa ya ubaridi hayamuui akiwa mzima, ila akiwa na panya tumboni ndo balaa. Ukisikia utabiri wa dhoruba usimlishe wiki hiyo.

Ngosha_Columbus

Wadau nimerudi, wiki ya tano leo.

Boksi limesimama. Vanishi ilinichelewesha, nilidhani imekauka siku ya nne, nikaingiza kichwa nikatoka machozi, nikaacha siku 16. Muda wote huo alikaa chumba cha juu kwenye akwariamu na seramiki na thamostati, wavu nimefunika foili. Bamba nimefunga, thamostati mbili kama fundi alivyosema. Nimeendesha boksi tupu siku tatu napima na bunduki kila baada ya masaa machache, nimejaza daftari. Thamostati nimeiseti 95 ndo sakafu inanipa 90! Ningeamini namba ya kwenye kioo angelala kwenye 85 mimi najisifu. Upande wa kupoa 78 asubuhi, 80 mchana. Unyevu 58.

Jumamosi alikula panya mdogo, wa kuyeyushwa, friza tumemnunulia dogo la kwake maana mama watoto alisema panya hatokaa na sato wake. Leo siku ya nane, hajatapika, jana kajisaidia. Sijawahi kufurahia mavi ya mtu kiasi hiki.

Mama watoto alishuka kufua akasimama mbele ya kioo kama dakika mbili, akauliza, mbona chumba chetu hakina joto hivi.

bimdogo_leeds

Hongera sana kaka! Chakula kingine subiri ufike siku 14, panya saizi hiyohiyo mara mbili ndo upandishe. Kijana anawe mikono na sabuni kila akimshika, hawa wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima. Na akwariamu ya zamani usimpe mtu na ule mkeka.

fundi_vifaranga_moro

Mkuu jaribu askari wako mara moja kila mwezi. Shusha seti yake chini ya joto la boksi uone kama inakata kweli, halafu rudisha. Na tuma picha ya nyuma ya boksi, umesema thamostati mbili na bamba, nadhani na taa ya mchana ipo, nataka kuona hiyo ekstensheni uliyochomekea.

Ngosha_Columbus

Fundi hiyo ekstensheni… ngoja kwanza nikanunue nyingine ndo nitume picha.